Majina Yetu Yanalindwa Namna Gani? Diski Mbili, Nakala Tatu na Haki ya Kuuliza



Kila tunapokaa chini ya mti kuandika majina ya familia zilizofika, mtu mmoja huuliza: "Hayo majina mnayapeleka wapi?" Hilo ni swali zuri na linastahili jibu kamili. Zamani jibu lilikuwa fupi: majina yako katika daftari, na daftari liko katika sanduku. Leo majina huingizwa katika kompyuta, na wengi huambiwa tu, "yako katika seva, msiwe na wasiwasi." Makala hii inaeleza seva hiyo ni kitu gani, jinsi diski zake zinavyopangwa ili moja ikifa habari zisipotee, na mambo gani mpangilio huo hauwezi kuyazuia. Si lazima uwe umesoma kompyuta ili uelewe. Ukijua kuhesabu magunia, utaelewa.

Kwa nini jambo hili ni la amani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa Katanga ya zamani tunalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2005 na 2006 maelfu ya watu walikimbia vijiji vilivyoko kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, sehemu iliyopewa jina la pembetatu ya kifo. Wengi walikimbia bila karatasi yoyote. Mwaka 2016 na 2017 mapigano kati ya Batwa na Waluba katika jimbo la Tanganyika yalifukuza familia nyingine nyingi. Na hapa kwetu katika eneo la Bukama, maji ya mto Lualaba yakifurika huondoka na nyumba pamoja na kila kilichomo ndani.

Mtu aliyekimbia hupoteza vitu viwili. Kwanza ni mali. Pili ni ushahidi kwamba mali ilikuwa yake, kwamba mtoto ni wake, kwamba yeye mwenyewe ni yule anayesema kuwa ndiye. Kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu huitumia kama kitambulisho, ikiungua, mtu hubaki na mdomo wake tu.

Ndiyo sababu Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba wenye mamlaka wawapatie wakimbizi wa ndani hati wanazohitaji, na kuwarudishia zile zilizopotea. Kanuni ya 29 inazungumzia kuwasaidia wanaorudi kupata mali walizoziacha. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, unasema katika kifungu cha 13 kwamba serikali ziwe na daftari la wakimbizi wa ndani, nalo lifanywe jipya kila mara.

Fikirini sasa kuhusu mapatano ya shamba. Familia iliyorudi na familia iliyokuwa ikilima hapo zimekaa mbele ya chifu, zimekubaliana mpaka upite kwenye mti fulani, zimetia alama ya kidole. Karatasi hiyo ikipotea, baada ya miaka mitatu mwenye nguvu atasema analotaka, na mnyonge atanyamaza au atashika panga. Kuhifadhi karatasi vizuri ni kuzuia ugomvi ambao bado haujaanza.

Seva ni nini, na kwa nini diski hufa?

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuwahifadhia na kuwagawia wengine habari. Seva ya akiba ni ile inayopokea nakala za kazi kutoka kompyuta zote za ofisi, ili kompyuta moja ikiibiwa au ikiharibika, kazi iweze kurudishwa.

Ndani yake mna diski. Diski ngumu ya kawaida ni sahani ndogo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya sahani hupita kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kuigusa, kwa nafasi iliyo ndogo kuliko chembe ya vumbi. Sasa wazeni vumbi la barabara zetu, joto la mwezi wa tisa na wa kumi, na umeme unaokatika ghafla. Diski yoyote, hata ya bei kubwa, siku moja itakufa. Tujiulize mapema: siku hiyo ikifika, tutakuwa tumejipanga vipi?

Mpango wa RAID: kioo na dhamana

Mwaka 1988 watafiti watatu wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza jinsi ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja, na moja ikifa nyingine zishike kazi. Mpango huo huitwa RAID. Ni kama wazee wetu walivyosema: kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna njia kadhaa, na kila moja ina namba yake.

RAID 1 ni kioo. Diski mbili, na kila neno linaandikwa katika zote mbili kwa wakati mmoja. Ni kama karani anayeandika jina lako katika madaftari mawili pale pale, kabla ya kuita mtu anayefuata. Diski moja ikifa, ya pili inaendelea na watu hawajui hata kama kuna jambo limetokea. Gharama yake ni hii: unanunua diski mbili, unapata nafasi ya moja.

RAID 5 ni dhamana. Inahitaji diski tatu au zaidi. Ili kuielewa, chukueni mfano wa magunia. Ghala la kwanza lina magunia 7 na la pili lina 5. Katika ghala la tatu hatuweki magunia. Tunaandika jumla tu: 12. Ghala la pili likiungua, tunachukua 12, tunatoa 7, tunajua lilikuwa na magunia 5. Kompyuta haijumlishi kama sisi, ina hesabu yake ya witiri na shufwa, lakini maana ni hiyo hiyo: kilichopotea hutafutwa kutokana na kilichobaki. Zaidi ya hayo, dhamana haikai katika diski moja, inagawanywa katika diski zote kwa zamu. Faida ni nafasi: diski nne za terabaiti 2 zinakupa terabaiti 6. Hatari ni kwamba diski mbili zikifa pamoja, yote yamepotea.

RAID 6 ni dhamana mbili. Inahitaji diski nne au zaidi, nayo hustahimili kufa kwa diski mbili. Diski nne za terabaiti 2 zinakupa terabaiti 4.

RAID 0 ina jina la RAID lakini haina ulinzi wowote. Inagawa habari katika diski zote ili kazi iende mbio. Diski moja ikifa, yote yamekwisha. Mtu akikuambia "tuna RAID", muulize: namba ngapi? Akijibu sifuri, majina yenu hayako salama hata kidogo.

Ofisi ndogo ya hapa kwetu ichague ipi?

Tufanye hesabu kabla ya kufungua mfuko. Ukurasa mmoja uliopigwa picha vizuri huchukua karibu nusu megabaiti. Basi kurasa 2,000 ni gigabaiti 1. Diski ya terabaiti 2 inaweza kubeba kurasa kama milioni 4. Hakuna ofisi ndogo ya Luena, wala ya Bukama, yenye kurasa milioni 4.

Kwa hiyo ofisi ndogo haihitaji diski nne wala RAID 5. Diski mbili katika mpango wa kioo zinatosha, na fedha zinazobaki zinunue diski nyingine mbili za nje, ambazo kazi yake tutaieleza mbele. Kioo kina faida nyingine pia. Diski mpya ikiingizwa, kuijaza ni kunakili tu. Katika RAID 5 diski zote zilizobaki lazima zisomwe mwanzo hadi mwisho ili kutafuta kilichopotea, na wakati wa kazi hiyo ngumu diski iliyochoka huweza kufa nayo. Hata kwenye kioo kazi si ya dakika mbili: kunakili terabaiti 2 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa tano. Saa tano bila umeme kukatika si jambo la kubahatisha. Linapangwa.

Jinsi ya kuiweka, hatua kwa hatua

Sehemu hii ni hasa kwa vijana wanaoshughulikia kompyuta katika ofisi na parokia. Viongozi nao waisome, ili wajue ni kazi gani inayofanywa kwa jina lao.

Hatua ya 1: Diski. Tafuta diski mbili zenye ukubwa sawa, lakini zisizotoka katika kasha moja la kiwanda. Ndugu pacha mara nyingi huugua pamoja. Andika namba ya kila diski kwenye karatasi na uibandike juu yake, kwa sababu siku ya msiba ni rahisi kung'oa diski nzima na kuiacha mbovu. Mfumo wa seva wenyewe ukae katika diski ndogo nyingine.

Hatua ya 2: Umeme. Usiwashe seva bila onduleri, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika na kuipa kompyuta muda wa kujizima kwa utaratibu. Paneli za jua zikiwapo ni vizuri zaidi.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Katika mfumo wa Linux, ambao haulipiwi, programu inayofanya kazi hii inaitwa mdadm. Kwanza tazama majina ya diski kwa amri ya lsblk, na uyatazame mara mbili, kwa sababu amri inayofuata hufuta kilichomo. Ikiwa diski zako mpya ni sdb na sdc, amri ni hii:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc

Kuanzia hapo seva huona diski moja tu, md0. Mpangilio huu uandikwe katika faili ya mdadm.conf, ili seva ikizimwa na kuwashwa uutambue tena.

Hatua ya 4: Kufuli. Kabla ya kuweka jina la mtu hata mmoja, funga md0 kwa programu ya cryptsetup, ili diski isisomeke bila neno la siri. Mwizi akiichukua, awe amechukua chuma tu. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa, iwekwe mbali na seva. Likijulikana na mtu mmoja, akihama au akifariki, majina yamepotea kama yaliyoungua.

Hatua ya 5: Mlinzi. Mdadm inaweza kutuma ujumbe diski inapokufa. Lakini pasipo intaneti ya hakika, mtu asome mwenyewe faili ya /proc/mdstat kila Jumatatu. Ndani yake ataona alama hizi: [UU] maana yake diski zote mbili ni nzima. [U_] au [_U] maana yake moja imekufa. Hata mzee asiyejua kompyuta anaweza kuonyeshwa alama hizo na akajua hali ya daftari la watu wake. Hatari kubwa ya kioo ni ukimya: diski moja hufa, kazi inaendelea, hakuna anayetazama, mpaka ya pili inapoifuata.

Hatua ya 6: Ukaguzi. Katika Linux ya Debian, seva hujikagua yenyewe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ikisoma diski zote kutafuta sehemu zilizooza. Hakikisha seva inakuwa imewashwa siku hiyo, au panga siku nyingine.

Hatua ya 7: Jaribio. Kabla ya kuweka habari za kweli, weka faili za mfano, zima seva, toa diski moja, washa. Je, faili zinasomeka? Je, alama imekuwa [U_]? Rudisha diski, iongeze kwa mdadm, subiri mpaka [UU] irudi. Andika siku na saa zilizotumika katika daftari la karatasi.

Kioo si akiba

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kioo hakichagui cha kuonyesha. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha ya familia 300, orodha hiyo hufutika katika diski zote mbili kwa sekunde ile ile. Virusi vikiingia, vinaingia kotekote. Nyumba ikiungua au ikifurika, diski zote mbili ziko ndani. RAID hulinda dhidi ya kifo cha diski, basi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo zima la seva za kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini wateja waliokuwa na nakala sehemu nyingine walirudi kazini, na baadhi ya wale ambao akiba yao ilikuwa pale pale walipoteza kila kitu. Ikiwa imetokea kwa kampuni kubwa ya Ulaya, sisi wenye paa la bati tusijidanganye.

Kwa hiyo mafundi wanafuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kwa ofisi ya hapa inaweza kuwa hivi. Nakala ya kwanza iko katika kompyuta ya kazi. Ya pili iko katika seva yenye kioo, ikipokelewa kila usiku, na za siku 30 zilizopita zihifadhiwe, ili kilichofutwa leo kipatikane katika nakala ya juzi. Ya tatu iko katika zile diski mbili za nje zinazopokezana: moja ipo Luena, nyingine iko Kamina au Lubumbashi, na kila mwezi zinabadilishana kwa treni au kwa gari, zikiwa zimefungwa kwa neno la siri.

Karatasi zenyewe msizitupe. Mapatano yenye alama za vidole yabaki katika sanduku la bati, juu ya mawe, mbali na mchwa na maji.

Na kila baada ya miezi mitatu, jaribuni kurudisha faili kumi kutoka katika nakala ya mbali. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Nakala nyingi, siri moja

Kuna jambo zito kuliko kupotea kwa majina, nalo ni majina kuangukia mikononi mwa watu wabaya. Orodha inayoonyesha nani ametoka kijiji gani, ni wa kabila gani na analala wapi ni chakula kwa anayetaka msaada uwafikie, na ni silaha kwa anayetaka kulipiza kisasi.

Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana waliingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita na majanga. Habari zile hazikupotea. Zilionekana na wasiostahili kuziona. Na mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa na M23, maghala na ofisi za mashirika ya misaada ziliporwa. Siku kama hiyo, hakuna anayeuliza kama diski zilikuwa mbili au nne. Swali ni kama zilikuwa zimefungwa, na kama kuna nakala iliyo mbali.

Basi kila nakala inayoongezwa ni ulinzi, na pia ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Ofisi isiandike isichokihitaji. Kama msaada ni mbegu, idadi ya watu wa nyumbani inatosha, kabila halihitajiki.

Maswali ya kuuliza

Viongozi, mnayo haki ya kuuliza kila shirika linaloandika majina ya watu wenu, likiwemo letu. Ulizeni kwa heshima, lakini msikubali kujibiwa "msiwe na wasiwasi":

1. Majina yetu yamehifadhiwa katika nakala ngapi, na iliyo mbali iko mji gani?
2. Diski moja ikifa leo, nani atajua, na baada ya siku ngapi?
3. Mara ya mwisho mlijaribu lini kurudisha faili kutoka katika akiba?
4. Diski ikiibiwa, mwizi anaweza kusoma majina?
5. Nani wanajua neno la siri?
6. Mradi ukiisha, majina na mapatano yetu yatabaki kwa nani?

Swali la sita ndilo husahauliwa mara nyingi. Miradi huja na kuondoka, magari hugeuka na kurudi mjini, lakini mpaka wa shamba unabaki, na watoto waliozaliwa ugenini watauliza kwao ni wapi. Kabla mradi haujafungwa, ombeni nakala ya mapatano yaliyowahusu iachwe kwa kamati ya kijiji, mbele ya pande zote mbili, isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa.

Jadilini makala hii katika vikundi vyenu. Asiyejua kusoma asomewe. Majina ni yenu, na mwenye mali ana haki ya kujua imefungiwa wapi.